Kamati ya Kubadilisha Redio

Ugonjwa wangu niliambukizwa na naibu wa mwalimu mkuu. Alikuwa amenunua mtambo wa CD, akatualika walimu wanne nyumbani kwake Jumamosi moja tukausikilize. Tulivua viatu mlangoni, tukapewa chai na mkate, kisha akatuambia tunyamaze. Alibonyeza rimoti huku akitazama dirishani, ili tuone kwamba si lazima mtu ahangaike kuielekeza. Muziki ukatoka.

"Mmesikia hapo?" akauliza. "Hapo mwimbaji anameza mate."

Tukainamisha vichwa. Kweli, mtu alimeza mate, na sote wanne tukapumua kwa heshima.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, nikifundisha sayansi katika shule ya upili karibu na Karurumo, na mpaka siku ile sikujua kwamba nimeishi bila mate ya waimbaji. Nilirudi nyumbani, nikaweka santuri niliyoipenda kuliko zote, nikatega sikio. Mate hayakuwepo. Kulikuwa na mikwaruzo, besi iliyovimba, na mwimbaji aliyeonekana kuimba akiwa amefungiwa ghalani. Muziki ule nilikuwa nimeufurahia miaka kumi na mitano. Uliniharibikia alasiri moja.

Chombo chetu kilikuwa sanduku la mbao lenye urefu wa benchi la kanisani, redio upande mmoja, cha kuchezea santuri upande wa pili chini ya kifuniko. Baba alikinunua enzi zile kahawa ilipokuwa kahawa, akakiendesha kwa betri ya gari mpaka stima ilipotufikia. Alipofariki kikabaki pale sebuleni, na kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki na boma, nikahesabiwa kuwa mwenyewe. Lakini aliyekitumia alikuwa mama.

Mama alikuwa haoni. Macho yalimwacha polepole, na kufikia miaka hiyo ninayoisimulia alichoweza kutambua ni kama ni mchana au ni usiku, basi. Kazi zake tulizichukua moja moja kwa nia njema kabisa. Tulimnyang'anya kisu, tukamnyang'anya jembe, tukamkataza kwenda mtoni. Redio hatukumnyang'anya kwa sababu haikati wala haichomi. Ilikuwa na vitu viwili vikubwa vya kuzungusha, kimoja cha sauti na kingine cha kutafutia stesheni, na vidole vyake vilivijua vyote viwili. Kila jioni kabla ya taarifa ya habari alijongea mpaka kwenye kiti chake, akawasha, akasikiliza matangazo ya vifo.

Vijana wa leo wenye simu mfukoni hawawezi kuelewa uzito wa matangazo yale. Simu ilikuwa moja pale posta, nayo ilifanya kazi ikijisikia. Mtu akifa, familia ilipeleka tangazo redioni, nalo likasomwa nchi nzima: marehemu ni nani, alikuwa mke wa nani, dada wa nani, nyanya wa nani anayefanya kazi wapi, na atazikwa lini. Mama aliyashika yote kichwani. Asubuhi watu walipita kwetu kumuuliza, wengine kutoka ng'ambo ya mto, naye aliwapanga. Wewe, yule ni wenu, mazishi ni Alhamisi. Wewe, unayemfikiria siye, huyu alikuwa wa upande wa Meru. Walioishiwa na betri walimtegemea, na wenye betri pia walikuja kuhakikisha. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa imembakia, na aliifanya vizuri kuliko mimi nilivyofundisha sayansi.

Tena alikuwa na lake ndani ya kazi hiyo. Dada yake mdogo, wa pekee aliyebaki hai pamoja naye kati ya watoto saba wa nyumba yao, alikuwa ameolewa Mbeere, kule chini kwenye joto, na alikuwa anaugua sukari. Walionana mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno ya ndengu. Mama alikuwa akimtafuta yeye kwanza katika yale matangazo. Yakiisha bila jina lake kutajwa, alipunguza sauti, akaitisha chai.

Hiyo ndiyo redio niliyotaka kuiondoa kwa sababu ya mate.

Sasa, kwetu mtu hanunui kitu kikubwa hivi hivi. Ukinunua peke yako utaambiwa una maringo, na kikiharibika utachekwa peke yako. Kwa hiyo unaunda kamati. Tumekuwa na kamati za harusi, za matanga, za josho la ng'ombe, za choo cha kanisa. Mimi nimewahi kuketi katika kamati iliyoundwa ili ipendekeze wanakamati. Basi nikaunda ya redio. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Katibu alikuwa mke wangu, kwa sababu ya mwandiko wake. Wanachama walikuwa baba yangu mdogo, mzee mmoja wa kanisa, na fundi wa stima wa pale Karurumo, yule aliyetufungia nyaya ambazo zilituma cheche kila tulipochomeka pasi. Mama tulimfanya mlezi. Mlezi katika kamati zetu ni mtu anayepewa kiti kizuri na kikombe cha kwanza cha chai, wala haulizwi kitu.

Tulikutana Jumapili baada ya ibada. Katibu akasoma ajenda, na baba mdogo akaomba ufafanuzi.

"Hii CD ni nini hasa? Ni sahani?"

"Ni sahani ndogo, baba," nikamwambia. "Inasomwa na mwanga. Hakuna sindano."

"Na stima ikipotea, hiyo mwanga inatoka wapi?"

"Stima ikipotea hata hii ya sasa inazima."

"Hii tulikuwa tunawekea betri ya gari," akasema, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Fundi akaona ni zamu yake kunitetea. "Mzee, hii enye mwalimu ako nayo ni analogi. Hiyo ilipitwa. Saa hii dunia yote iko dijitali."

Hakuna aliyemuuliza maana yake, mimi mwalimu wa sayansi nikiwemo, kwa kuwa kila mtu alidhani mwenzake ameelewa. Mzee wa kanisa alitaka kujua kama nyimbo za ibada zinapatikana katika hali hiyo ya dijitali, akahakikishiwa. Kutoka hapo tulihamia kwa meneja wa kiwanda cha kahawa, tukamjadili saa nzima, tukagusia pia suala la barabara. Mwishowe ikaamuliwa kwamba kamati ndogo ya watu wawili, yaani mimi na fundi, iende Meru mjini ikajionee. Katibu akaandika. Kisha tukamwomba mlezi atufungie kwa maombi.

Mama alisimama akiwa ameshika kiti. Aliomba kwa Kiembu, na aliomba kirefu. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa wajukuu, kwa mwalimu na kazi yake. Kisha akasema: "Na redio hii, Baba, ambayo mume wangu aliileta kwa mkokoteni, ambayo imenionyesha watu tangu macho yalipokataa, uiangalie. Usiruhusu ininyamazie." Tukaitikia amina, mimi kwa sauti kuliko wote. Katibu akaandika kwamba mkutano ulifungwa kwa maombi saa kumi na moja jioni. Nilizipitia kumbukumbu zile kabla ya kutia sahihi, nikaona ziko sawa. Kwetu yaliyosemwa ndani ya maombi hayaandikwi.

Mjini Embu kulikuwa karibu zaidi, lakini kitu kilichonunuliwa karibu hakina hadithi. Tukaenda Meru. Muuzaji alikuwa kijana aliyevaa tai, na aliponiona nimeshika daftari akajua mara moja kwamba mimi ni mwalimu. Alituwekea CD ya majaribio ambayo ilikuja bure na mtambo. Ilikuwa na radi, kinanda, kengele, na treni iliyopita kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia. Fundi wangu alirudi hatua mbili kuipisha.

"Hii ni orijino, mwalimu," muuzaji akasema. "Besi yake ukifungulia yote, hadi Makutano wanajua uko hapa."

"Na redio iko?" Niliuliza kwa ajili ya ripoti.

"Iko. Ni ya FM, kliya kabisa."

"FM inashika kwetu Karurumo?"

"Kwa saa hii inashika Nairobi. Lakini inakuja."

Alisema "inakuja" kwa uhakika wa mtu aliyeiacha stendi ikipakia mizigo. Nilimtazama fundi, naye akakubali kwa kichwa kwamba inakuja. Nikaandika kwenye daftari: redio ipo, inakuja. Naona aibu kulisema jambo hili, lakini nilielewa vizuri. Mimi ndiye ninayefundisha mawimbi kidato cha tatu. Nilijua kwamba mtambo ule ukiwekwa sebuleni kwangu, upande wake wa redio utatoa mvumo mtupu, na nilijua nani atakayeketi mbele ya mvumo huo jioni. Nililijua hilo kwa muda wa kama nusu dakika, halafu treni ikapita tena.

Kabla ya kurudi tulipitia mtaa wa Majengo. Mchinjaji mmoja alituelekeza kwa mzee fulani mwenye kibanda nyuma ya msikiti, aliyekuwa akitengeneza redio tangu ujana wake. Sikuwa na shaka yoyote, ila ripoti hupendeza ikiwa na maoni ya wataalamu wawili. Mzee alikuwa amevaa kofia ya kufuma, amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo. Nikamweleza dalili zote: mikwaruzo, besi kuvimba, kukosekana kwa mate.

"Mwalimu," akasema, "nunua sindano mpya, upanguse na vumbi. Chombo chako kizima. Mgonjwa ni wewe."

Fundi wangu akacheka, kisha akakumbuka yuko upande gani.

"Pale nyumbani nani hukiwasha zaidi?" mzee akauliza.

"Mama yangu."

"Naye kasemaje?"

"Ameiombea."

"Kaombea kipi? Hicho kipya, au kile alicho nacho?"

Nikamwambia kwamba gari letu linakaribia kuondoka, nikamshukuru, nikaondoka. Katika ripoti niliyosoma mbele ya kamati, niliandika kwamba mtaalamu wa Majengo hana vifaa vya kisasa. Ripoti ikapitishwa kwa kauli moja.

Ikabaki hatima ya chombo cha zamani. Mke wangu, ambaye kama katibu hakutakiwa kuwa na maoni, aliweka kalamu chini, akapendekeza kihamishiwe chumbani kwa mama.

"Mwalimu, si kiende tu kwa cucu? Hata watoto watakuwa wanalala mapema kwake wakisikiliza."

"Ule mlango ni mwembamba," nikasema.

"Mlango unatolewa. Fundi ako hapa."

"Nyumba moja haiwezi kuwa na miziki miwili. Mama nitamnunulia redio ndogo ya mkononi, mpya, atembee nayo hata shambani." Ndipo kwa mara ya kwanza katika shughuli zote za kamati nikamgeukia mlezi na kumuuliza kitu. "Au sio, mama?"

"Sawa," mama akasema.

Alisema hivyo kwa sababu mimi ni mwanawe na kulikuwa na wageni. Mtu mwingine yeyote katika chumba kile aliisikia ile sawa ilivyokuwa. Mimi, ambaye siku hizo masikio yangu yalikuwa yananasa mate ya watu wa ng'ambo, sikusikia kitu.

Nilikuwa na mpango wangu. Baba mkwe wangu anakaa Mitunguu, kwenye migomba, na kwa miaka kadhaa nilikuwa sijamfikishia kitu cha kuonekana. Kumpelekea redio ya mbao iliyong'arishwa kwa nta kungenipa heshima pande mbili kwa safari moja. Hakuna katika kamati aliyenikumbusha jambo ambalo kila mtu pale alilijua, kwamba kitu kikishaingia kwa wakwe hakirudi. Hakiazimwi. Hata ukikitazama sana ukiwa mgeni watajiuliza unataka nini. Tulikipakia kwenye pikapu, mama akiwa amesimama kando. Aliomba apelekwe karibu, akapitisha mkono juu ya kifuniko, akakigusa kile cha kutafutia stesheni bila kukizungusha, kisha akaturuhusu. Kule Mitunguu niliandaliwa mlo, nikahutubia, nikahutubiwa, nikarudi na mikungu minne ya ndizi.

Mtambo mpya ukatawazwa sebuleni. Mke wangu alifuma vitambaa vitano, kimoja cha juu, viwili vya spika, kimoja cha CD zenyewe, na kimoja kidogo cha rimoti, ambayo ilibaki ndani ya karatasi yake ya nailoni ili isichakae. Watoto walikatazwa kuusogelea. Mama sikumkataza, nilimfundisha. Nilimshika mkono nikampitisha kwenye vitufe, ambavyo vilikuwa arobaini na kitu, vyote vya ukubwa mmoja, vyote laini, vimepangwa kwa mistari.

"Hiki cha kuwasha ni cha nne kutoka huku," nikamwambia. "Sio hicho. Hicho ni cha tano."

Akabonyeza kingine. Kile kisahani cha kuwekea CD kikatoka polepole, kikamgusa kifuani. Alirudisha mkono haraka.

"Kinanitolea ulimi," akasema.

Watoto walicheka, nami nikacheka. Hakukigusa tena. Kiti chake alikihamishia karibu na mlango wa jikoni, akisema huko kuna joto.

Ile redio ndogo ningeinunua mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja, nikapata CD ya dansi ya Kikongo ambayo naibu alisema ni lazima mtu awe nayo. Mwisho wa mwezi uliofuata ulikuwa wa karo. Wale watu wa asubuhi waliendelea kuja kwa muda, na mama aliwajibu kutoka kwenye kiti chake: "Sijui. Siku hizi sisikii. Mwulizeni mwalimu." Mimi niliwaambia kwamba matangazo huwa pia gazetini. Wakanishukuru. Baada ya wiki tatu hivi hakuna aliyekuja tena, na ninakumbuka kwamba nilifurahia utulivu huo, kwa sababu asubuhi sauti za juu husikika vizuri zaidi.

Halafu ikaja Jumanne ambayo sitaisahau. Naibu wa mwalimu mkuu alikuja kwangu jioni kuusikiliza mtambo. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo. Nilimkalisha mahali nilipopapima kwa futi, katikati ya spika mbili, nikamwekea treni, nikamwekea radi, kisha nikaweka dansi na kufungulia sauti mpaka vikombe vikaanza kutembea mezani. Alikunja uso kidogo, na nikajua nimemshinda. Mbwa alikuwa anabweka. Mama akapaza sauti kutoka jikoni.

"Kuna watu langoni."

"Ni CD hiyo, mama," nikamwambia.

"Ni watu. Ni wanawake. Nasikia viatu."

"Ni CD. Inatoa kila kitu."

Wimbo ulipoisha nilichungulia dirishani, kwa kumridhisha tu. Barabarani wanawake wawili walikuwa wanateremka wakitupa kisogo, kila mmoja na kikapu. Sikuwatambua, na naibu alikuwa ananingoja, nikarudi.

Jumapili tulipotoka kanisani, mwanamke mmoja wa kikundi cha kina mama alimjia mama polepole, akamshika mikono yote miwili. Alikuwa anasema naye lakini macho yalikuwa kwangu, na hayakuwa macho mazuri.

"Pole sana, mama. Tumeona tukupe pole hata kama tumechelewa."

"Pole ya nini?" mama akauliza.

"Mama, si ni dada yako? Si ilisomwa Jumatatu, ikasomwa tena Jumanne?" Yule mwanamke akaendelea haraka. "Sisi tulikuja Jumanne na sukari na majani. Tulifika langoni tukasikia dansi. Tukaambiana labda tumesikia jina vibaya, hii sio nyumba iko na matanga. Tukarudi. Na wengine kijijini walisema mkishasikia nyinyi wenyewe mtatuambia, kwa sababu habari za vifo hutoka kwenu."

"Alizikwa lini?"

"Alhamisi."

Mama aliuliza ni nani aliyesoma tangazo, mwanamume au mwanamke. Aliuliza walisema nini. Yule mwanamke alikumbuka mwanzo tu, mengine yalikuwa yamempotea. Mama akamshukuru, akanishika kiwiko jinsi anavyonishika siku zote, tukatembea mpaka nyumbani. Nilikuwa na aibu ambayo iliniuma kama kidonda, na niliogopa asije akaniuliza kitu chochote. Alipoketi aliniambia neno moja tu: kesho nimpeleke.

Nilitafuta pikapu alfajiri. Tulishuka Mbeere jua likiwa limeshapanda, vumbi jeupe, mbuzi chini ya michongoma. Mtoto wa marehemu, mwanamume wa rika langu anayelima ndengu na mtama, alitupokea kwa adabu. Alimkumbatia mama, akampa kiti, akampa uji. Kwangu alinyoosha mkono akasema, "Karibu, mwalimu," na ilikuwa adabu tupu.

"Mkwe wenu wa Mitunguu alikuja," akamwambia mama. "Alisikia kwa hiyo redio mlimpelekea. Alivaa koti akapanda magari matatu. Wakati wa kuweka mchanga walipoita upande wa dada ya marehemu, ni yeye alisimama. Alituambia labda gari yenu imekwama."

Mzee yule hakuwa na haja ya kudanganya kwa ajili yangu. Aliniokoa mbele ya ukoo wa mama, kwa uongo aliobeba kutoka Mitunguu mpaka kule, na hajawahi kuniuliza mpaka leo gari lilikwama wapi.

Tukaenda kaburini. Mama alipiga magoti, akalipapasa kutoka upande wa kichwa mpaka miguuni, taratibu, akisimama kwa kila jiwe. Udongo ulikuwa umekauka, na maua ya karatasi yalikuwa yamepauka tayari. Hakulia. Alipomaliza alikaa vizuri, akakunja miguu, akamwita yule mtoto wa marehemu.

"Tangazo liko?"

Alikuwa nalo ndani ya Biblia, nakala ile waliyobaki nayo walipopeleka nyingine. Akaanza kumsomea polepole, kwa sauti ya mtu anayemfariji mwingine. Mama akamkatiza.

"Hapana. Soma kama redio."

Yule mwanamume alinitazama, kisha akasimama wima, akakohoa, akasoma. Alisoma jina la dada yake mama na la mumewe. Alisoma watoto na wanakofanya kazi. Alisoma kwamba alikuwa dada mpendwa wa mama yangu, akamtaja kwa jina la ubatizo na lile la nyumbani, ambalo sikuwa nimelisikia tangu baba afariki. Kisha akasoma kwamba habari hizi zimfikie yeye huyo dada popote alipo, pamoja na mwanawe, akataja jina langu lote, mwalimu wa sayansi, na shule yangu, na Karurumo, ambao wanaombwa wafike nyumbani bila kukosa kabla ya mazishi. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kulia, sikio moja mbele, jinsi alivyokuwa akiketi kila jioni miaka ile yote.

"Nimesikia," akasema.

Nikadhani tumemaliza, nikamshika mkono nimwinue. Akautoa mkono wake.

"Redio husoma mara mbili," akamwambia mtoto wa dada yake. "Soma tena. Hii ya pili ni ya mwalimu."

Nikavua kofia. Yule mwanamume akakunjua karatasi tena, akasoma kuanzia mwanzo, bila kuruka neno. Jina langu lilipofika, nilisema nipo. Akaendelea kusoma mpaka mwisho.